Muulize Mama Keki: "Keki yangu ya rangi sita imekaa kama bakuli"

Mbukwenyi, wasomaji wangu. Novemba hii barua zimekuja nyingi kuliko nilivyozoea, na karibu zote zinauliza jambo moja: keki ya matabaka ya rangi. Naelewa. Kipaimara kiko mlangoni, mahafali ya chuo, Krismasi, na siku hizi mtoto wa miaka sita anakuja na picha kwenye simu ya baba yake, anaigusa kwa kidole na kukwambia, "Nataka hii." Kwenye kota za reli nilikojifunzia kuoka, keki ilikuwa ya njano, ina zabibu kavu tano juu, basi. Ukitia iliki, majirani wanauliza nani anaoa.

Nimechagua barua saba. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ukiielewa hiyo, nyingine zinakuwa rahisi.

Shikamoo Mama Keki. Tumehamia Dodoma kumfuata baba watoto, kazi yake iko Mtumba. Kule Dar keki zangu zilisifiwa. Hapa nimejaribu keki ya rangi sita ya binti yangu anayetimiza miaka saba. Kila tabaka limeumuka vizuri, halafu likabonyea katikati kabla hata sijafungua oveni. Kipimo ni kile kile, oveni ni ile ile. Mume wangu anasema oveni iliumia kwenye lori. Zimebaki wiki mbili.
*Mama wa binti wa miaka saba, Nkuhungu*

Marahaba mwanangu, na karibu Dodoma. Kwanza iombe radhi oveni, haina kosa. Kilichobadilika ni hewa. Dar ulikuwa unaoka kando ya bahari. Mji huu umekaa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi. Maji yenyewe hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, zile 100 za vitabuni hayazifikii. Sasa ifikirie keki yako. Beking pauda inatoa mapovu, na hewa inayoyakandamiza ni hafifu, kwa hiyo mapovu yanavimba haraka kuliko unga na mayai yanavyoweza kukaza na kuyashika. Keki inapanda kama mtu aliyekimbia ngazi: inafika juu haina pumzi, inakaa chini. Lile bonde uliloliona katikati ndilo hilo.

Mimi somo hili nililipata kinyumenyume. Nimezaliwa huku, nimejifunzia huku, mwaka mmoja nikaitwa Tanga kuoka keki ya sendofu ya mtoto wa dada yangu. Nikatumia kipimo changu cha Dodoma bila wasiwasi wowote. Keki ikatoka fupi na nzito, unaweza kusukumia chapati juu yake. Dada yangu ananicheka mpaka leo.

Kipimo chako cha Dar usikitupe, kirekebishe. Kwa kila kijiko cha chai cha beking pauda, toa kiasi cha moja ya nane ya kijiko au zaidi kidogo. Sukari punguza kijiko kimoja cha chakula kwa kila kikombe. Maziwa ongeza kijiko kimoja au viwili cha chakula kwa kila kikombe kilichoandikwa, na oveni iongeze nyuzi 5 hadi 10 ili keki ikaze mapema. Ni hayo tu.

Kwa keki ya rangi sita ya upana wa sentimita 20, ile tunayoiita ya inchi 8, mimi natumia gramu 350 za unga wa ngano wa kawaida, gramu 320 za sukari, gramu 320 za siagi, mayai 6, mililita 180 za maziwa, vijiko viwili na nusu vya chai vya beking pauda, chumvi kidogo na arki ya vanila. Nikisema siagi nina maana ile ya kopo tuliyoizoea sote. Mayai yawe ya kuku wa kisasa, au uyapime. Yai la kisasa bila ganda ni gramu 50 hivi. La kienyeji ni dogo, na mayai sita ya kienyeji yanaweza yasifike hata manne na nusu ya kisasa. Nimeona keki nyingi zikilaumiwa kumbe kosa ni kuhesabu mayai bila kuyatazama. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Itakaa kuliko mixa yako.

Piga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Kwa mchapo wa mkono hiyo ni dakika kumi na tano za jasho, usidanganye. Tia mayai moja moja. Halafu unga uliochekechwa pamoja na beking pauda na chumvi, ukipokezana na maziwa, na hapo mkono uwe mwepesi. Ukishaona unga umepotea, acha kukoroga. Kumbuka kwamba utakoroga tena wakati wa kutia rangi, na keki iliyokorogwa sana inakuwa ngumu kama mkate wa jana.

Hapa sasa ndipo wengi wanapokosea. Wanachanganya yote kwa mara moja, wanagawa bakuli sita, halafu wana trei mbili tu za kuokea. Bakuli la sita linasubiri saa nzima kwenye joto la Novemba, beking pauda inafanya kazi yote humo bakulini, na ikiingia ovenini haina kitu. Mimi nachanganya kwa raundi mbili. Nagawa kila kitu nusu kwa mizani, raundi ya kwanza natoa nyekundu, chungwa na njano. Zikishaiva ndipo naanza raundi ya kijani, bluu na zambarau. Inachosha, ndiyo, lakini matabaka yanatoka ndugu wa baba mmoja.

Kila bakuli lipate gramu 240 za uji wa keki. Usikadirie kwa macho. Kwenye keki ya rangi moja, tabaka nene na jembamba halionekani. Kwenye keki ya rangi sita, ukikata kipande kila mtu anaona kwamba kijani alipendelewa. Trei ipakwe mafuta, chini iwekwe karatasi ya kuokea iliyokatwa duara, na uji usambazwe mpaka ukingoni, katikati ukiacha kidogo pawe chini kuliko pembeni. Nyuzi 180, dakika 14 hadi 16. Tabaka ni jembamba, usiende kufua. Gusa katikati kwa kidole: ikirudi juu, toa. Ukisubiri iwe ya kahawia umeshaua rangi yako, kwa sababu kahawia hiyo ndiyo itakayoonekana kama mstari mchafu kati ya tabaka na tabaka.

Ukitoa, usiache tabaka mezani lipigwe na upepo. Dar unyevu ulikuwa unakusaidia bila wewe kujua. Hapa keki iliyoachwa wazi kuanzia adhuhuri, jioni ukiishika inakwaruza. Lifunge kwa nailoni ya kufungia chakula likiwa na uvuguvugu bado, lilale kwenye friji usiku. Kesho yake limekaza, unalikata kofia yake juu kwa kisu cha mkate ili liwe bapa, wala halivunjiki. Zile kofia usizitupe. Ndizo malipo ya watoto kwa kukaa mbali na jiko. Kabla ya kupaka krimu, chemsha sukari gramu 100 na maji mililita 100, ikipoa pakaza kila tabaka kwa brashi, vijiko viwili vitatu, liwe limelainika bila kulowa.

Krimu ya katikati: siagi gramu 250, sukari ya unga gramu 500 iliyochekechwa, maziwa vijiko viwili. Iwe nyembamba kati ya matabaka, kama upana wa penseli, maana matabaka sita yana njaa ya krimu na utajikuta umemaliza kopo. Anza na zambarau chini, bluu, kijani, njano, chungwa, nyekundu juu. Nje paka nyeupe tupu. Usiitie rangi hata moja huko nje, nakuomba. Raha ya keki hii ni pale binti anapoingiza kisu kwenye kitu cheupe.

Oka moja ya majaribio wiki hii, nusu kipimo, rangi tatu. Mume wako atakula ushahidi.

Habari Mama Keki. Mimi ni mwanafunzi wa UDOM, nimepanga chumba na wenzangu wawili. Tunataka kumfanyia rafiki yetu keki ya rangi ya siku yake ya kuzaliwa. Hatuna oveni. Tuna jiko la gesi la plate moja, sufuria mbili na nia.
*Mwenye nia, ng'ambo ya chuo*

Salama mwanangu. Keki yangu ya kwanza ya matabaka niliioka bila oveni. Ilikuwa harusi ya jirani pale kota, rangi tatu: nyeupe, pinki, na ya tatu ilikusudiwa kuwa kijani. Mkaa ulikuwa chini na juu ya mfuniko, na mimi nimechuchumaa napuliza jivu lisiingie.

Tafuta sufuria kubwa iliyozeeka, ile ambayo mwenyewe hataililia, kwa sababu kupashwa moto ikiwa kavu kunaweza kuipinda. Mimina mchanga mkavu uliochekechwa na kuoshwa, unene wa vidole viwili. Juu ya mchanga weka vijiwe vitatu vya kulingana au kifuniko kidogo kilichogeuzwa, ili trei isiguse mchanga. Funika, washa gesi wastani dakika kumi, halafu teremsha moto uwe mdogo kabisa na uingize tabaka la kwanza. Litachukua dakika 20 hadi 25. Kwa dakika 15 za mwanzo mfuniko usiuguse. Najua mtataka kuchungulia. Mkiwa watatu, mmoja awe askari.

Mvuke utakusanyika kwenye mfuniko na kudondokea keki. Funga mfuniko kwa kitambaa cha pamba, ncha zake zikifungwa juu mbali kabisa na moto. Nasisitiza mbali: gesi na kitambaa kinachoning'inia havitaniani.

Sasa habari njema ambayo wenye oveni hawaijui. Gesi inatoa moto chini tu, kwa hiyo juu ya keki hapaivi kahawia. Kwa keki ya kawaida hiyo ni aibu, inaonekana mbichi. Kwa keki ya rangi ni bahati: bluu inabaki bluu. Pembeni na chini ndiko kutakuwa na ngozi ya kahawia, mnaikwangua kwa kisu. Okeni matabaka matatu yanawatosha. Nusu ya kipimo nilichompa mama wa Nkuhungu kinatoa matatu sawasawa.

Mixa hamna, najua. Pokezaneni mchapo.

Mama, shikamoo. Naandika toka Mpwapwa. Rangi zangu zinanikataa. Bluu imetoka kijani, nyekundu imetoka pinki. Na bibi yetu ametangaza kwamba hali keki yenye "rangi za kiwandani." Kuna namna ya kupata rangi kwa vitu vya shambani?
*Mjukuu wa bibi mkali, Mpwapwa*

Marahaba. Bluu yako haikukukataa, imeolewa. Kiini cha yai ni njano, siagi ya kopo ni njano, na bluu ikikutana na njano mtoto wao ni kijani. Ukitumia mayai ya kienyeji, yenye kiini kilichoiva kama embe, ndiyo kabisa. Tenganisha mayai. Ute wa mayai manne peleka kwenye raundi ya kijani, bluu na zambarau, na nusu ya siagi ya raundi hiyo badilisha na mafuta mazito meupe ya kupikia. Viini vyote sita na ute wa mayai mawili yaliyobaki viende kwenye raundi ya nyekundu, chungwa na njano, ambako njano ni msaada. Raundi ya ute iongezee kijiko kimoja cha maziwa. Na ukiona bluu bado ina ukijani, chovya ncha ya njiti kwenye rangi ya zambarau, koroga. Tone moja linatosha.

Nyekundu ni mambo mawili. Kwanza rangi ya maji ya chupa ndogo ni hafifu. Ukiongeza mpaka ikolee, uji wa keki unakuwa mwepesi na mdomoni kunabaki uchungu. Tumia rangi nzito ya jeli au ya unga. Pili, uwe na subira. Rangi ikishachanganywa inaendelea kukolea, ipe dakika kumi kabla hujaamua kuongeza. Anza na chungwa, juu yake tia nyekundu, na ukipenda nusu kijiko cha chai cha kakao. Itashuka kutoka pinki kwenda kwenye nyekundu ya kanga.

Na tafadhali, sokoni angalia unachonunua. Kuna rangi za unga za kutilia ukili wa mikeka, zinafungwa vipakiti vidogo vizuri vya kupendeza, na muuzaji akiwa na haraka anaweza kukwambia zote ni rangi. Isiyoandikwa kwamba ni ya chakula, iache hapo hapo.

Bibi sasa. Bibi ana hoja, ila shamba lina tabia zake. Mimi nilidhani nina akili sana nilipochemsha rozela, ile wengine mnaiita choya, maana hapa kwetu inakubali vizuri na maji yake ni mekundu ya kutamanisha. Nikayapunguza motoni mpaka yakawa mazito, nikatia kwenye uji wa keki. Nikasimama nikitazama. Pinki ikapita kama dakika moja, ikaingia zambarau, halafu ikawa rangi ya jivu la jana. Rozela ni nyekundu pale penye uchachu tu. Ikikutana na kitu kinachoua uchachu, kama beking pauda na ute wa yai, inageuka. Keki ile tuliila taa zikiwa zimezimwa.

Bitiruti nayo inakuja nyekundu na kuondoka kahawia, kwa sababu moto wa oveni unaiua rangi. Maji ya mchicha yanatoa kijani, lakini kijani cha gwanda. Karoti iliyosagwa laini inatoa chungwa pole. Kinachosimama imara ni manjano, nusu kijiko cha chai kwa tabaka moja, ladha haisikiki ukitia na ganda la limau lililokwanguliwa. Ila usitumie magadi soda badala ya beking pauda, maana manjano yakikutana na magadi yanakuwa mekundu ya tofali.

Kwa hiyo mfanyie bibi matabaka matatu: moja la manjano, moja la kakao, moja jeupe la ute wa mayai. Halafu rozela yako iweke mahali panapoipenda, kwenye krimu. Maji yake mazito vijiko viwili, matone ya limau, sukari ya unga na siagi. Inatoka pinki ambayo hakuna kiwanda kinachoiweza, na uchachu wake unakata utamu. Bibi ataomba kipande cha pili. Usimkumbushe alichotangaza.

Mama Keki, leo sina shikamoo. Mwezi wa saba uliandika kwamba krimu ya kupiga ni nyepesi na haikinaishi. Nikaipaka kwenye keki ya kicheni pati ya mdogo wangu mwezi uliopita. Saa tisa alasiri, mbele ya mashangazi wa pande zote mbili, keki imevua nguo.
*Aliyeumbuka, Kisasa*

Dada, una haki na mimi sina utetezi. Niliandika Julai, nimevaa sweta, upepo wa kipupwe unapiga bati. Sikufikiria kwamba mtu atasoma Julai na kuoka Oktoba, mwezi ambao hapa hata mbwa wanahamia kivulini saa tatu asubuhi. Krimu ya kupiga inasimama kwa baridi. Ukumbi ukipita nyuzi 25 hivi inaanza kutoa jasho, na ukumbi wa bati uliojaa mashangazi unafika 30 bila kujitahidi. Kuanzia Septemba mpaka mvua zishike, tumia krimu ya siagi, robo ya siagi ikiwa mafuta mazito meupe, nayo pia usiipeleke mezani mapema. Keki iingie ukumbini wakati MC anaita wa kukata, isikae inatazamana na dirisha tangu saa sita.

Ili usijione uko peke yako, nakupa aibu yangu. Nilipewa kazi ya keki ya kipaimara huko Kongwa: rangi sita, ndefu, ya kujivunia. Nikaipaka krimu Dodoma, nikaiweka kwenye Noah, nyuma, juu ya taulo lenye maji. Mpaka Mbande ilikuwa salama, namwona dereva naye anajivunia. Tukakata kona kuingia barabara ya Kongwa, tuta la kwanza, tuta la pili. La tatu nikageuka kutazama. Nyekundu na chungwa zilikuwa zimesogea mbele kama watu wanaotaka kushuka. Krimu ilikuwa imelainika na matabaka yanateleza juu ya mwenzake kama kandambili kwenye tope. Nikasimamisha gari, nikaingia nyuma, nikashika keki kwa mikono miwili mpaka kanisani. Pale jikoni kwa wenyeji nikatoa matabaka mawili ya juu, nikayapaka upya, nikaweka keki mbili mezani, kubwa na ndogo. Mama wa mtoto akashukuru kwa "ile ya msimamizi wa kipaimara" ambayo hakuiagiza. Nikapokea shukrani.

Tangu siku hiyo siachi vijiti vya mishikaki nyumbani. Keki ikizidi matabaka manne, napigilia vitatu kutoka juu mpaka kwenye ubao, navikata vilingane na kimo chake, nafunika vichwa kwa krimu. Nahesabu vilivyoingia, nawaambia wenyeji idadi, ili vitoke vyote kabla mtoto hajapewa kipande. Na krimu ya nje napaka nikishafika.

Naweza kuweka zabibu zetu za Dodoma katikati ya matabaka?
*Mkulima, Hombolo*

Zikiwa mbichi, hapana. Zina mbegu na zina maji, tabaka la chini litalowa. Chukua kilo moja ya zile nyekundu za Makutupora, chemsha na kikombe cha maji mpaka zipasuke, chuja mbegu na maganda, rudisha motoni na sukari gramu 300 na limau moja, mpaka kijiko kikipita chini ya sufuria njia ibaki wazi. Ikipoa, paka nyembamba kati ya tabaka jeupe na la zambarau. Na mimi nikumbuke ukivuna.

Kwetu sherehe haijawa sherehe bila ndafu. Kuna haja gani ya keki?
*Mzee wa Chamwino*

Shikamoo mzee. Haja hakuna. Ila mjukuu wako hawezi kupuliza mishumaa kwenye mbuzi.

Mama, mwanangu yuko Dar na anafikisha miaka kumi. Nataka nimpelekee keki ya rangi kwa treni ya mwendokasi. Itafika?
*Mama mdogo, Ipagala*

Itafika, mdogo wangu, kama haijawa keki bado. Tangu treni ya umeme ianze kufika huku mwaka 2024, safari ni chini ya saa nne, na haina matuta. Lakini kutoka nyumbani kwako mpaka stesheni kuna bajaji, na kutoka stesheni ya Dar mpaka kwa mtoto kuna foleni na joto la kwao.

Oka matabaka juzi yake, kila moja lifunge peke yake kwa nailoni, yalale kwenye friza. Asubuhi yapange bapa kwenye boksi gumu, gazeti chini na juu, ubebe mwenyewe mapajani. Yatakuwa yanayeyuka taratibu njiani, ukifika yako tayari. Sukari ya unga ipime huku kabisa uifunge, siagi nunua kule. Krimu ipige ukishafika, maziwa tia kijiko kimoja badala ya viwili, maana hewa ya pwani ina maji yake tayari. Kwa sababu hiyo hiyo, ukifikiria kuifunika kwa ile sukari ya kukanda, kumbuka kwamba hapa kwetu inapasuka kwa ukavu na kule inatoka jasho. Krimu inatosha.

Vijiti vya mishikaki bebea kwenye boksi. Kisu usiende nacho, pale stesheni mizigo inakaguliwa. Azima kwa mwenyeji wako.